Mambo ya Nyumbani: Zana Njema kwa Fedha Kidogo



Mwezi huu tumepokea barua ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mwenye mke na watoto wanne. Atuarifu ya kuwa ameezeka kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba yake, naye ataka kukifanya karakana, apate kutengeneza vitanda na viti vya nyumbani mwake, na kuwafundisha wanawe kazi ya mikono siku za likizo. Lakini alipokwenda dukani kuuliza bei ya randa, misumeno na patasi mpya, alirudi mikono mitupu, maana hesabu yake ilizidi mshahara wa mwezi. Basi auliza: "Mtu wa kipato kidogo atazipata wapi zana njema kwa bei nafuu, tena atazijuaje?"

Swali hili tumelifurahia, na tutalijibu kwa kirefu. Sisi si seremala wa kulipwa. Kazi yetu ni kufundisha dini. Lakini tulifundishwa kushika randa tulipokuwa wanafunzi wa misioni, na tangu siku zile tumekusanya zana zetu moja moja. Nyingine tulizinunua kwa akili. Moja tuliinunua kwa upumbavu, na habari yake tutaisimulia mbele, ingawa yatuaibisha.

Wahenga walisema: Mchagua jembe si mkulima. Neno hili lamkemea mvivu atafutaye udhuru wa kutolima. Halikusemwa kwa mtu atoaye mfukoni fedha za chakula cha watoto wake. Huyo hana budi kuchagua, tena kuchagua sana.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: kila bei iliyopungua ina sababu yake. Chombo chema hakiuzwi rahisi bure. Ama kimeshika kutu au mpini wake umevunjika. Ama kilitengenezwa vibaya tangu mwanzo. Ama si mali yake yeye anayekiuza. Sababu ya kwanza ni bahati ya maskini, kwa kuwa kutu huondolewa kwa nguvu za mikono, na mikono tunayo. Sababu ya pili ni hasara, kwa kuwa chuma laini hakigeuki kuwa kigumu kwa kupigwa msasa. Ya tatu tutaieleza mwishoni. Basi mnunuzi mwenye busara, akiisha kuuliza "Bei gani?" hujiuliza tena moyoni mwake, "Mbona bei hii?"

Mahali pa kutafuta. Mitumba si nguo na viatu tu. Zana za mkono zilizotumika Ulaya nazo huvuka bahari, zikauzwa katika masoko ya miji yetu mikubwa. Aliye Dar es Salaam na atembee Gerezani, karibu na Kariakoo, penye mafundi na wauzaji wa vyuma. Aliye Nairobi na atembee Gikomba na Kamukunji. Lakini msidhani ya kuwa ni lazima kupanda basi mpaka mji mkubwa. Katika miji mingi midogo yupo mtu anunuaye vyuma chakavu kwa kilo. Mwendeeni, mkamwombe ruhusa ya kupekua rundo lake kabla lori halijalichukua kwenda kuyeyushwa. Sisi tulipata kwake patasi tatu zisizo na mipini na kichwa kimoja cha nyundo, tukavilipia kwa uzito, kama mtu anunuaye misumari.

Mahali pengine ni nyumbani kwa fundi mzee aliyeacha kazi, au kwa mjane wa fundi. Sanduku la zana hukaa miaka chini ya kitanda, na watoto walio mjini hawalitaki. Hapa twawaonya wasomaji wetu. Mjane hajui bei ya randa, wewe waijua. Ukimlipa kwa kadiri ya kutokujua kwake, umepata zana na umepoteza jina lako katika nyumba ile. Mwambie kweli thamani ya kila kitu, kisha mpatane. Utapata nafuu hata hivyo, maana dukani ungalilipa zaidi, na siku nyingine watakuita wao wenyewe.

Mahali pa tatu ni kwa mhunzi. Springi za magari mabovu, zile zilizo bapa, ni chuma kigumu, na wahunzi wetu huzifua zikawa mapanga, tezo na patasi. Patasi ya mhunzi haina uzuri wa dukani, lakini ikifuliwa vema hukata, na ikipata kasoro wajua nyumba ya kuirudisha.

Namna ya kukijaribu chombo. Tuanze na patasi. Igeuze upande wa nyuma, ulio bapa, uutazame karibu na makali. Kutu nyekundu ya juu juu si kitu. Lakini kutu iliyochimba mashimo ni kasoro, maana kila shimo litakapofikiwa na kinoo litakuwa pengo katika makali. Kisha chukua tupa ndogo, uombe ruhusa, uiguse patasi ubavuni karibu na ncha. Tupa ikiteleza, au ikiuma kwa shida, chuma ni kigumu. Ikila upesi kama inavyokula msumari, irudishe patasi mahali pake, umshukuru mwenyewe, uende zako. Tena ukiona rangi ya buluu karibu na makali, jua ya kuwa mtu aliinoa kwa jiwe la mashine pasipo maji hata ikaungua. Sehemu ile imekwisha kulegea. Ikiwa fupi, yaweza kusagwa yote kwa taratibu mpaka ufikie chuma kizima. Ikiwa ndefu, iache.

Patasi nyingi za kale kutoka Uingereza zina chapa ya jina la mji wa Sheffield, na pengine maneno Cast Steel. Usidhani ni chuma cha kusubu kama cha jiko. Ni feleji, chuma kigumu kilichoyeyushwa katika vyungu, ufundi ulioanzishwa huko na Benjamin Huntsman katika miaka ya 1740. Ukiikuta chapa hiyo chini ya kutu, usiruke kwa furaha mbele ya muuzaji wa sokoni. Huyo ajua biashara yake.

Msumeno nao hujaribiwa kwa macho. Shika mpini, utazame kutoka mpini hata ncha kama mtu alengaye bunduki. Bapa lililopinda kidogo, fundi aweza kulinyosha. Bali lililokunjwa hata likawa na kovu, halitanyoka tena. Pinda ncha taratibu kisha uiachie. Ikirudi sawasawa, chuma ni kizuri. Meno butu yasikutishe, maana tupa ya pembe tatu huyarudishia ukali. Lakini kuna jambo la siku hizi ambalo wengi hawalijui. Misumeno mingi ya sasa imegumishwa meno yake kiwandani, na alama yake ni kuwa meno yenyewe tu yana weusi au ubuluu, na bapa lote ni jeupe. Msumeno wa namna hiyo ukiwa mpya hukata vizuri sana. Ukiisha makali haunoleki, kwa kuwa tupa haiwezi kuyauma meno yake. Basi ukiukuta umechoka sokoni, hata ukipewa kwa bei ya maembe mawili, usiuchukue.

Randa za chuma tuzionazo sana zafuata mtindo wa Leonard Bailey wa Marekani, ambaye hakimiliki za uvumbuzi wake zilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869. Makampuni mengi yaliufuata mtindo huo, na kwa hiyo kipuri cha randa moja mara nyingi huingia katika nyingine. Namba 4, yenye jino la upana wa inchi 2, yafaa kwa kazi nyingi za nyumbani. Twasema jino kwa maana ya kile chuma chenye makali. Mwili wake ni chuma cha kusubu, kisichopinda bali huvunjika kama chungu. Basi tazama penye mdomo, ule mwanya ambamo jino hutokea. Ufa mahali hapo ni ugonjwa usio na dawa. Weka ukingo wa guni chini ya tumbo lake, uitazame penye mwanga, uone kama ni sawa. Kisha litoe jino ulipime. Likiwa limebaki upana wa kidole tu kutoka tundu lake hata makali, siku zake zimekwisha. Mpini uliovunjika si neno, utachonga mwingine.

Na kama fedha hazitoshi kwa randa ya chuma, tafuta jino peke yake, uchonge mwili wa mti mgumu uliokauka, ulikaze jino kwa kabari. Mafundi wengi wa zamani walifanya kazi kwa randa za mti, na mbao zao hazikuwa na mikwaruzo kuliko zetu.

Nyundo yenye kichwa kizima, isiyomeguka kingo, inunue hata bila mpini. Tawi la mpera lililokaushwa lafaa sana. Tupa zilizochakaa msizifanye patasi, kama wafanyavyo vijana wengine. Tupa ni ngumu lakini haina unyumbufu, na ikipigwa nyundo huweza kuruka vipande na kuingia machoni. Mpelekee mhunzi, yeye ajua kuitia moto na kuilegeza kwanza.

Kuziponya zana zenye kutu. Chovya chuma katika siki usiku mmoja. Asubuhi kisugue kwa brashi ya waya, na kutu nyingi itatoka kama matope. Kisha kioshe kwa maji yenye magadi kidogo, maana ukali wa siki ukibaki utaleta kutu mpya. Kikaushe upesi juani, ukipake mafuta ya cherehani. Kwa kunoa, asiye na kinoo aweza kubandika msasa wa maji, ule utumiwao na wapaka rangi za magari, juu ya kipande cha kioo kinene. Anza na ulio mkwaruzo, umalize na ulio laini. Unyoshe kwanza upande wa nyuma wa patasi, kisha unoe mteremko wake kwa pembe ya digrii 25 hadi 30. Kazi hii yaweza kula jioni nzima. Ndiyo malipo yako mengine. Mwenye duka hulipwa kwa fedha, na kutu hulipwa kwa jasho.

Wala usinunue vyote kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba. Mwanzo watosha nyundo, msumeno mmoja na tupa yake, patasi mbili za nusu inchi na inchi moja, guni, na kinoo. Randa na ifuate, halafu keekee na jiliwa. Na kama hujaamini macho yako bado, mwombe fundi wa karibu afuatane nawe mara ya kwanza, umnunulie chai. Chai hiyo ni rahisi kuliko kosa.

Sasa tuje kwenye sababu ya tatu, na upumbavu wetu. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda sokoni siku ya Jumamosi kutafuta randa. Kijana mmoja hakuwa na meza wala kibanda. Alisimama pembeni akiwa na gunia. Akalifungua kidogo, tukaona randa namba 4, safi, imepakwa mafuta. Tulilijaribu jino lake, likanyoa nywele za mkono wetu. Bei aliyoitaja haikufika theluthi ya ile ya dukani. Tukamwuliza, "Kijana, umeipata wapi?" Akajibu, "Ni ya marehemu babu, mzee wangu." Tulikuwa na swali la pili mdomoni, nasi hatukuliuliza. Sababu yake twaijua: tuliogopa jibu. Tukatoa fedha, tukaondoka upesi, na tulipofika nyumbani tukamwambia mama watoto jinsi Mungu alivyotufungulia mlango.

Miezi miwili baadaye alikuja fundi mzee wa kijiji cha pili kutengeneza mabenchi ya kanisa. Tulimwona akipiga mbao kwa randa ya kuazima, ya mti, iliyochoka, jasho likimtoka. Tukaona huruma, tukamletea yetu imsaidie. Aliipokea, akaigeuza, akapitisha kidole gumba chini ya mpini, akanyamaza. Kisha akasema, "Mwalimu, hapa pana alama mbili za kisu. Nilizikata mimi mwaka ule nilipooa."

Tukatazama, zilikuwapo. Tulikuwa tumeishika randa ile kila juma, wala hatukuziona.

Akatueleza ya kuwa sanduku lake lote liliibwa usiku. Alikuwa na kazi ya vitanda vya bweni, akanyang'anywa, kwa kuwa hakuweza kuimaliza kwa siku zilizoagizwa. Na nyumbani kwake walikuwa wakila mara moja kwa siku. Hakutushtaki wala hakupandisha sauti. Aliuliza neno moja tu: "Mwalimu, ulipoinunua ilikuwa kali?" Tukajibu, "Ilikuwa kali sana, Mzee." Akasema, "Naam. Niliinoa jioni ile."

Ndugu wasomaji, neno hilo limekaa nasi mpaka leo. Randa ya marehemu haikai na makali. Zana ya mtu aliyekufa hushika kutu, mafuta yake hukauka, na buibui hujenga mdomoni mwake. Ule usafi tulioufurahia, na ule ukali tulioujaribu juu ya mkono wetu wenyewe, ndio uliokuwa shahidi ya kuwa mwenye randa yu hai, na jana alikuwa kazini. Ujuzi wa kuyatambua hayo tulikuwa nao. Tuliyasoma kwa vidole, bali tamaa ikatufunga kinywa.

Tulimrudishia randa yake saa ile ile. Alitaka kutulipa nusu ya fedha zetu, tukakataa, maana mtu hauziwi mali yake. Tulikwenda naye kituo cha polisi, tukaeleza yote, na aibu yetu pamoja. Zana zake nyingine hazikuonekana. Jioni watoto wetu waliuliza kwa nini randa haipo mahali pake. Kuwajibu kulikuwa kuzito kuliko kupoteza fedha.

Basi twawapa wasomaji wetu kanuni chache. Usinunue chombo kutoka katika gunia la mtu asiye na mahali pake sokoni. Ukinunua, omba hati ya mauziano, yenye jina la muuzaji, namba yake ya simu, tarehe, na alama za chombo; mwenye mali halali hakasiriki kwa kuombwa hivyo. Sheria ya nchi humhesabu kuwa mkosaji apokeaye mali akijua ni ya wizi, na kunyamaza kwa makusudi si kinga mbele ya dhamiri. Tena zana zako mwenyewe uzitie alama kwa patasi au kwa moto, mahali ambapo mgeni hatatazama, na uziandike zote katika daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi yule mzee hakuwa na daftari, lakini alikuwa na alama mbili za kisu, nazo zilimrudishia riziki yake.

Kwa mwalimu wetu aliyeandika, jibu ni hili: nenda ukatafute kutu. Chombo chenye kutu ya juu juu, chuma kigumu chini yake, na mwenyewe asimamaye mbele yako akakueleza habari zake bila kugeuza macho, hicho ndicho cha bei nafuu. Walete wanao waone unavyokisugua. Watajifunza kunoa, na zaidi ya hayo watajua chombo cha baba yao kilitoka wapi.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kutengeneza meza ya seremala kwa mbao za makasha ya mizigo. Hata hapo, kaeni na amani.